Walivyomnyooshea Evod Chuma Chake

Evod alishuka kwenye bodaboda pale njiapanda, akatazama ng'ambo ya barabara, akasahau kabisa kuchukua mfuko wake wa vifaa. Dereva akaondoka nao. Ilibidi watu wa genge la nyanya wapige miluzi ndiyo bodaboda igeuze. Evod hata miluzi hakuisikia. Alikuwa anatazama chuma chake, na chuma chake kilikuwa kimenyooka.

Sasa wewe usiyemjua Evod utasema, kimenyooka, si vizuri? Ngoja kwanza. Usiwe na haraka kama mwenyekiti Sylvester, maana haraka hiyo hiyo ndiyo iliyoleta haya yote.

Evod ni fundi wa kuchomelea. Na si fundi wa kubahatisha. Kuanzia Kibaoni mpaka Katindiuka, ukisukuma geti likafunguka kimya, ujue hilo la Evod. Likilia, ujue mwenye nyumba alikwenda kwa mtu mwingine na sasa anajuta. Shule aliiacha darasa la sita. Mwalimu wa hesabu alimwambia ataishia kubeba magunia ya mpunga. Leo nyumba ya mwalimu huyo ina madirisha ya chuma pande zote, kayachomelea Evod, na kila akipita pale anauliza kwa sauti ya juu, "Mwalimu, yale magunia bado yapo nije nibebe?" Mwalimu anavuta pazia. Mtaa mzima anautania hivyo hivyo, na mtaa unamvumilia, kwa sababu trela la pawatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, likikatika katikati ya msimu hakuna mwingine wa kuliunga likashika.

Yupo mtu mmoja tu ambaye Evod hajawahi kumtania akamshinda. Baba yake mzazi, Mzee Raimundi wa Idete.

Mzee Raimundi kabla magoti hayajamgomea alikuwa mvuvi. Nusu ya mwaka anaishi kambini kwenye mto Kilombero, anakula kambale mpaka anaota kambale. Evod alipofikisha miaka minane, baba akampandisha kwenye mtumbwi na kumpa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi penye kina kifupi. Evod akauchomeka majini, akainama kutazama. Akaona umevunjika. Sehemu ya juu inakwenda huku, ya chini inakwenda kule, na pale maji yanapoanzia pamepinda kabisa.

"Baba, umevunjika," akasema, na akauachia.

Mti ukabaki umesimama kwenye tope, mzima, haujambo. Mtumbwi ndio ukaondoka. Kafi walikuwa wameliacha kambini. Maji yakawabeba mpaka kwenye matete, wakakaa humo kutwa nzima, kiboko mmoja akiwachungulia na kuzama, akiwachungulia na kuzama, mpaka wavuvi wengine walipopita alasiri wakawavuta.

Baba hakumpiga. Angempiga ingekuwa nafuu, yangeisha siku ile. Yeye alimsimulia. Alimsimulia kambini, akamsimulia kilabuni, akamsimulia kwenye kipaimara chake. Siku ya harusi ya Evod, mbele ya wakwe waliotoka Mahenge na nguo zao nzuri, Mzee alisimama kutoa nasaha akasema, "Huyu bwana harusi ana macho mawili, mnayaona. Lakini ni ya mapambo." Wakwe wakacheka mpaka padri akacheka. Miaka thelathini na miwili ndiyo hiyo. Mwaka jana walimzika shangazi, dada yake Mzee, watu wamesimama kaburini udongo haujashikana, na Mzee akamgeukia mjomba mmoja wa mbali: "Huyu ndiye yule wa upondo."

Pale kaburini Evod alichemka. Alisimama bega kwa bega na baba yake, akapiga hesabu ya kimya kimya macho ya yule mzee yanaishia wapi kwenye bega lake, na akajiapiza kwamba macho hayo yatadanganywa. Nchi kavu. Mchana kweupe. Na watu wakiwepo.

Akaenda kwa Sylvester, mwenyekiti wa mtaa wao, akaomba ule uwanja mdogo pembeni ya karakana yake, pale watu walipokuwa wanatupa pumba na maganda. Sylvester akamwambia, weka tu unachotaka, kuliko hilo jalala. Evod akaanza. Miezi minane, kila Jumapili akitoka kanisani. Alikusanya visu vya pawatila vilivyoisha, uma za baiskeli, springi za malori, diski za plau, kila chuma kilichokwisha kulima bonde hili kikachoka. Akasimika mabomba, mengine marefu mengine mafupi, mengine karibu na barabara mengine nyuma kabisa, na juu ya kila bomba akachomelea kipande kimoja, kila kimoja kimepinda kwa namna yake.

Ukipita barabarani ulikuwa unaona fujo. Vyuma vinaelekea kila upande, mfano wa nywele za mtu aliyelala na deni la usingizi. Watu wakasema ni mnara wa simu wa wachawi. Wengine wakasema Evod anakusanya vyuma chakavu, anaona aibu kusema. Lakini palikuwa na mahali pamoja, pamoja tu, kando ya mtaro. Ukisimama hapo ukafumba jicho moja, vile vipande vyote vilikuwa vinakimbiliana na kushikana, unaona mti mmoja mrefu, mnyoofu kama upondo, umesimama hewani hauna kiungo. Ukisogea nusu hatua, vipande ishirini na vitatu. Ukirudi, mti mzima. Wala hakuna kilichosogea isipokuwa wewe.

Kupapata mahali hapo si mchezo. Alichimbia nondo pale mtaroni, juu yake akachomelea kijipete cha chuma cha kuchungulia, kwenye kimo cha macho ya Mzee Raimundi hasa, si cha kwake. Evod ni mrefu kuliko baba yake, kwa hiyo ilimbidi akunje magoti. Anashikiza kipande kwa doa moja la moto, anakimbia mtaroni, anakunja magoti, anachungulia, anarudi mbio, anakigonga kidogo, anakimbia tena. Jumapili nzima kwa kipande kimoja.

"Mume wangu," mke wake Paskalina alimuuliza, "wenzio wakitoka misani wanakunywa soda. Wewe haya mazoezi ni ya timu gani?"

"Utaona."

"Nitaona nini?"

"Siku ikifika."

Hakumwambia mtu. Hata Beno, mwenzake wa karakanani wa miaka tisa, hakumwambia. Wa kwanza kusimama pale alitakiwa awe Mzee, na siri ukiigawa inaisha. Kazi ilipokamilika aling'oa ile nondo akaificha darini, na pale ilipokuwa akafukia kizibo cha soda ili apajue mwenyewe.

Mzee alikuwa na kliniki ya presha mjini siku ya Jumatano, na lazima angepitia kwa mwanawe. Jumamosi Evod alikwenda Malinyi kufunga mageti ya watu. Jumanne alasiri akarudi, na ndipo tulipoanzia, kwenye bodaboda iliyoondoka na mfuko.

Beno alikuwa mlangoni mwa karakana ananawa rangi mikononi kwa petroli. Anatabasamu.

"Karibu, fundi. Umeona? Nimekusaidia."

"Umenisaidia nini?"

"Si hiyo kazi yako. Kesho kuna kiongozi anapita kutoka mkoani, anakwenda kuangalia mifereji ya mpunga. Mwenyekiti akaja hapa ameshika kichwa, anasema mgeni akipita atauliza hiki kitu kimegongwa na gari gani. Nikamwambia niachie mimi. Siku mbili, kaka. Kiangalie hicho."

Evod aliangalia. Si unajua mgeni akija inavyokuwa. Mawe yote ya kando ya barabara yalikuwa yamepakwa chokaa. Miarobaini imepakwa chokaa mpaka kiunoni. Na chuma chake nacho kimepakwa chokaa mpaka kiunoni, kuanzia hapo kwenda juu rangi ya fedha inang'aa. Mabomba yote yamekatwa yakalingana. Vile vipande vimechomwa moto, vimegongwa, vimenyooka, vyote vinaelekea upande mmoja kwa nafasi sawa. Beno alikuwa ametumia pima maji, kile kipimo cha usawa cha mafundi. Ametumia na uzi. Ulikuwa uzio safi kabisa, usiozuia kitu chochote.

Na kazi ilikuwa nzuri. Hapo ndipo palipomuuma. Angekuta kazi mbovu angetukana akapumua. Alipitisha kidole kwenye viungo akatafuta kasoro, hakuipata.

"Nani alikwambia unyooshe?"

"Kilikuwa kimepinda."

"Nilikipinda mimi."

"Kwa nini upinde chuma kizuri?"

"Beno, miezi minane. Unaniona kila Jumapili nakimbia kama mbuzi aliyekatika kamba, unadhani nilikuwa nakosea miezi minane? Mimi? Lini uliniona nimekosea kiungo kimoja?"

Beno akaacha kunawa. "Sikiliza, Evod. Nilikuuliza. Mara ngapi nimekuuliza, hii ni nini? Ukanijibuje?"

Evod alikumbuka alivyomjibu, na kukumbuka kukamwongezea hasira. Alimjibu, "Hii ni akili, wewe huwezi kuibeba." Watu wa genge walikuwa wamecheka sana siku ile.

Alichukua pima maji ya Beno kwenye benchi, akaitupa mtaroni. Beno akaitazama ilivyokwenda. Kisha akafunga kopo la petroli taratibu, akavaa shati, akaondoka bila kuaga, na hiyo kwa watu waliokula sahani moja miaka tisa ni tusi kubwa kuliko ngumi.

Evod akaenda kwa Sylvester. Alimkuta amesimama juu ya vijana wawili wanaopaka mawe, anawaonyesha jiwe lililosahauliwa. Hasira ni hasira, lakini shikamoo ni shikamoo.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Evod. Umeona mtaa ulivyopendeza?"

"Nani kakutuma kugusa kitu changu?"

"Changu, chako. Uwanja wa mtaa huo. Nilikupa uweke pambo, na pambo haliwi limepinda. Huko mahotelini nimeona vyuma vya namna hiyo, ila vimenyooka, vina heshima."

"Lile si pambo."

"Ni nini sasa?"

Evod aligeuka kutazama upande wa karakana. Kueleza angeeleza vipi? Angempeleka mtaroni amwambie simama hapa utazame, atazame nini? Kilichokuwepo hakipo, na kilipokuwepo hakuna aliyekiona zaidi yake.

"Ni cha baba yangu," akasema.

"Basi vizuri," Sylvester akajibu. "Baba yako mtu mzima. Atapenda kitu kilichonyooka."

Siku hiyo Evod hakula. Paskalina aliweka wali na perege mezani, akauondoa ulivyo. Hakumuuliza kitu, na hilo pia lilimkasirisha.

Jumatano saa tatu asubuhi Mzee Raimundi akafika amepakizwa nyuma ya pikipiki, fimbo mkononi, kofia ya misani kichwani, na kifuko cha pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa ukatwangwa, alichopewa na majirani wa Idete awaletee wajukuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Macho hayajambo?"

Huko ndiko kusalimiana kwao. Watu wa genge wakaanza kutabasamu mapema.

Evod alitaka ampitishe nyuma moja kwa moja nyumbani, lakini Mzee alikwishaona ule mng'ao. Akavuka barabara kwa fimbo yake, akaanza kuzunguka. Aligonga bomba la kwanza akasikiliza. Akagonga la pili. Akafika mwisho, akalaza shavu kwenye chuma na kutazama mstari wote kwa jicho moja, vile wavuvi wanavyotazama mti kabla ya kuukata. Alikaa hivyo muda. Beno alikuwa amekuja kuchukua vifaa vyake, akasimama mlangoni.

"Nani kafanya hii?" Mzee akauliza.

Paskalina, kwa wema wake, akawahi. "Ni mwanao, baba. Miezi minane."

Mzee akainua shavu lake. Rangi ya fedha ilikuwa imemshika kidogo kwenye ndevu. Akamtazama mwanawe kuanzia miguuni.

"Imenyooka," akasema. "Kutoka huku mpaka kule, haina kosa. Niseme ukweli. Aliyefanya hii ana macho."

Hata yule mama wa genge aliacha kupanga nyanya. Miaka thelathini na miwili watu walimsikia yule mzee akisema kinyume chake, na sasa kasema mwenyewe, mchana, mbele yao. Kilichobaki ni Evod ajibu asante.

Alimtazama Beno. Beno akatazama viatu vyake. Angeweza kusema, hiyo yangu. Alimwachia. Na Evod akaona hasira inampanda kutoka kwenye nyayo, maana alichokuwa anapewa ndicho alichokitaka maisha yake yote, na hakikuwa chake. Ni sawa na kuvikwa koti la mtu mwingine likakutosha mabegani.

"Si yangu," akasema.

"Nini?"

"Hii ya Beno. Yangu ilikuwa imepinda."

Mzee Raimundi akamtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka ameegemea bomba. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu. Nikasema ngoja, labda mtoto amekua." Genge nalo likacheka, na Paskalina akageuka akatazama ukuta.

Evod aliingia karakanani akatoka na grinda na waya mrefu. Akaanza na bomba la kwanza, pale chokaa inapoishia. Cheche zikaruka mpaka barabarani. Sylvester akaja mbio ameshika kofia.

"Evod, mgeni amekwishavuka daraja. Saa moja haiishi, yupo hapa."

"Apite."

"Nitaita mgambo."

"Waite. Waje na miwani."

Alikata kipande cha tatu, cha nne, akaendelea mpaka nusu ya uzio, akavitupa vyote kwenye majani. Kisha akapanda darini, akatoa ile nondo yenye kijipete, akafukua kizibo mtaroni na kuichimbia pale pale. Akamwendea baba yake akamshika mkono.

"Baba, njoo usimame hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nimechoka kukimbia. Weka jicho kwenye tundu. Fumba lingine. Nikishika chuma, niambie kiende wapi mpaka kishikane na kile cha nyuma."

"Unaniamrisha mimi?"

"Ndiyo. Ukimaliza kucheka."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumsikia Evod akimwambia baba yake hivyo. Mzee akakaza fimbo. Akaitazama nondo. Lile tundu lilikuwa mbele ya jicho lake sawasawa, wala hakuhitaji kuinama wala kujinyoosha. Akaigusa kwa kidole.

"Ulinipima lini?"

"Kaburini kwa shangazi."

Mzee aliweka jicho lake pale.

Evod alivaa miwani ya kuchomelea, akanyanyua uma wa baiskeli kwa koleo. Ulikuwa mzito kwa mkono mmoja. Beno akaja bila kuitwa, akaushika upande wa pili.

"Kulia," Mzee akasema.

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kulia kwa mwenye akili. Umezidisha. Rudi. Umezidisha tena, wewe vipi, hujui kushika chuma? Hapo. Nimesema hapo."

"Hujasema hapo."

"Nasema sasa."

Evod akagusa kwa moto. Cha pili wakagombana zaidi. Cha tatu Mzee alimwita jina la marehemu babu yake, aliyekuwa mlevi. Evod akamjibu kwamba angalau babu alikuwa anaona vizuri akiwa amelewa. Paskalina akaja na kiti, Mzee akakikataa kwa mkono, maana akikaa jicho linatoka tunduni.

Kipande cha tano, kisu cha pawatila, kilipokaa, Mzee aliacha kutukana. Alitoa kichwa kwenye nondo akatazama vyuma kwa macho yake mawili. Akarudisha jicho tunduni. Akalitoa tena. Akalirudisha.

"Vipi?" Evod akauliza, miwani usoni.

Mzee akafuta ukingo wa tundu kwa kidole gumba.

"Baba, kimekaa au hakijakaa?"

"Nyamaza. Lete kingine."

"Kliniki wanafunga saa sita, baba," Paskalina akakumbusha.

"Wafunge."

Ndipo ving'ora vikasikika kutoka upande wa Kibaoni. Magari yakaja kwa kasi, vumbi nyuma, vioo vimefungwa. Genge lote likasimama. Sylvester alisimama mbele ya ule uzio uliokatwa nusu, akapiga makofi peke yake, kisha akatanua mikono kuuficha. Wapita njia walipunga. Hata Beno, koleo mkononi, alianza kugeuza shingo.

"Beno, usitikisike," Mzee Raimundi akasema, jicho bado tunduni. "Na wewe Evod, kushoto. Kidogo. Kidogo nimesema."